Barua Isiyo na Salamu

Hasira ya Amoding ilikuwa karibu, kama kiberiti cha mvuta sigara. Pale Malaba hata madereva wa malori, watu wasioogopa polisi wala forodha, walikuwa wakimpisha njiani asubuhi alipokwenda shule na chaki zake ndani ya mkebe wa kahawa. Walisema ana mdomo. Kweli alikuwa nao. Lakini hakuna aliyeuliza mdomo ule ulinolewa na nini, na jambo hilo peke yake linatosha kumuudhi mtu.

Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mmoja wa wale walioajiriwa bila kusomea ualimu. Alikuwa amefika darasa la saba, akaolewa, akazaa binti aliyeitwa Aluka, na mwalimu mkuu alipokosa mtu wa kuwashika watoto wadogo, akaitwa yeye. Aliwashika. Walibanana chini ya bati lenye matundu, akawafundisha kusoma kwa kuandika herufi mchangani kwa kijiti, na ilipofika mwisho wa mwaka walikuwa wakisoma. Halafu mwanzoni mwa 1974 mwalimu mkuu, Mzee Omagor, akamwita ofisini na kuanza kupangapanga vitu mezani ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

"Mwalimu Amoding, hii si mimi. Ni ofisi ya Busia. Wale hawana cheti ya form two, mwaka ikiisha watatoka."

"Hiyo ofisi imewahi kukuja kuona mimi nikifundisha?"

"Ofisi haikujangi kuona. Ofisi inaandika."

Alitoka bila kuaga. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na Aluka, na zaidi ya hapo, ndipo mahali pekee duniani alipoitwa kwa jina la heshima. Mumewe, Osukuku, alikuwa amevuka mpaka mwaka 1972 kwenda Jinja, wakati Wahindi walipofukuzwa kule, maduka yao yakabadilisha wenyewe na kila kijana wa Malaba akaota kuwa karani. Alisema anakwenda kutafuta. Inaelekea alipata, maana hakurudi. Hakuleta kitu wala mtu. Alichotuma ni barua, moja kila Krismasi, na barua zenyewe zilikuwa za Kiingereza.

Usicheke. Siku zile Kiingereza ndicho kilichokuwa suti ya barua. Mtu aliyemwandikia mkewe kwa Kiingereza alikuwa amemvisha nguo ya Jumapili mbele ya majirani. Amoding alizisoma polepole, kamusi pajani, na yale maneno makubwa yakamlainisha. *Naichukua nafasi hii ya dhahabu kushika kalamu yangu. Mimi ni mzima kama chuma, nikitumaini nawe u vivyo hivyo. Nakukumbuka kama mkulima anavyoikumbuka mvua. Ninapoandika haya machozi yananidondoka juu ya karatasi.* Na kweli, kwenye barua ya mwaka wa kwanza, pembeni, palikuwa na doa. Amoding alikuwa akiligusa kwa kidole. Mwanamke yule mwenye mdomo, aliyeogopwa na madereva, alikuwa akikaa kitandani na kuligusa doa la karatasi.

Basi, cheti. Palikuwa na Bwana Wandera, mtu wa Bukhayo, mwalimu mstaafu aliyefundisha watu wazima katika jengo la kanisa nyakati za jioni na Jumamosi. Alivaa tai hata jua likiwaka, na sifa yake ilikuwa kwamba wanafunzi wake hupita Kiingereza. Amoding alijiandikisha. Alikaa karibu na Edris, Mnubi wa Busia, tarishi wa forodha aliyetaka kuwa karani kabla mvi hazijammaliza.

Siku ya kwanza Bwana Wandera aligonga ubao kwa rula.

"Mtihani wa Kiingereza ni barua," alisema. "Kuna barua aina mbili: ya kirafiki na ya ofisi. Ya kirafiki ni moja. Mimi naisomesha tangu uhuru. Watabadilisha swali, watasema andikia mjomba, andikia dada, andikia rafiki yako wa Mombasa. Nyinyi badilisheni jina juu. Barua ni ile ile. Muimeze kama dawa."

Akageukia ubao, akaanza kuandika. *Naichukua nafasi hii ya dhahabu kushika kalamu yangu.*

Amoding alidhani amesikia vibaya kwa macho. Chaki ikaendelea. Chuma kikaja, tena mahali pake. Mkulima akaja na mvua yake. Kabla Bwana Wandera hajafika chini ya ubao, sauti ya mwanamke ikasikika kutoka nyuma, inasoma maneno ambayo hayajaandikwa bado.

"Machozi yananidondoka juu ya karatasi. Kalamu yangu inakataa kuendelea lakini moyo wangu bado unataka. Wako akupendaye."

Bwana Wandera akageuka, uso umejaa furaha. "Vizuri sana! Umesoma hiyo wapi, mama?"

"Kwa bwana yangu."

"Nani huyo?"

"Osukuku."

"Osukuku!" Akapiga makofi, akaligeukia darasa. "Huyo alikaa hapo, karibu na dirisha. Alikuwa na mwandiko safi. Na bado anaitumia? Mnaona? Wengine wakipita mtihani wanasahau kila kitu."

Darasa likacheka, bila ubaya, kama watu wachekavyo jioni baada ya kazi. Amoding hakucheka. Damu ilimpanda mpaka akaona ubao mwekundu. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba Bwana Wandera alikuwa mtu mwema. Ungemkuta na ubaya ungekuwa na pa kushika. Mtu mwema aliyekuibia mume kwa chaki, unamshika wapi?

Asubuhi iliyofuata alitoa barua ya mwaka wa kwanza chini ya godoro, akaenda nayo mlangoni, akaiinua juani. Lile doa likapitisha mwanga, likang'aa kama karatasi iliyofungiwa mandazi. Chozi likikauka halipitishi mwanga namna ile. Lilikuwa doa la mafuta. Osukuku alikuwa anakula alipokuwa analia.

Tangu siku hiyo hakuimeza dawa ya Bwana Wandera. Wengine walipoimba barua ya dhahabu kwa pamoja, yeye alifumba mdomo na kutazama dirisha. Bwana Wandera alimsihi. Edris alimsihi.

"Dada, hiyo ni barua ya mtihani tu," Edris alisema. "Si ya bwana yako."

"Ndiyo unaniambia sasa? Miaka yote hii ilikuwa ya bwana yangu."

Lakini ikaja zamu ya barua ya ofisi, na hapo likatokea jambo. Bwana Wandera aliandika anwani mbili, ya mwandishi na ya mwandikiwa, akaandika namba ya kumbukumbu, akaandika "Dear Sir", chini yake akaandika neno *Kuhusu* na kulipigia mstari, kisha akaingia moja kwa moja kwenye shida. Darasa zima likanung'unika. Edris akanyoosha mkono.

"Mwalimu, umesahau salamu."

"Sijasahau. Hakuna."

"Hakuna namna gani? Naenda kuomba mtu kazi, sijauliza kama ameamka? Sijauliza watoto wake, mvua, ng'ombe?"

"Ofisi haina ng'ombe, Edris."

"Mtu akinijia bila salamu, mimi najua tumegombana."

Wote wakaafiki, Wateso, Waluhya na Wanubi. Katika nchi ile mtu hatoi shida yake kabla hajamaliza kuuliza hali ya kila kilicho hai bomani. Kukosa salamu ni vita, au msiba. Mwezi mzima Bwana Wandera alipambana nao, na bado daftari zao zilirudi na barua za kuomba kazi zinazouliza kama mkurugenzi alipata mvua. Ni Amoding peke yake aliyeielewa mara moja. Aliiangalia barua ile kavu, isiyomchekea mtu usoni, isiyo na dhahabu wala machozi, na kwa mara ya kwanza akaona Kiingereza kinachofanana na kifua chake. Aliipenda barua ya ofisi. Aliiandika kila siku. Aliwaandikia mwenye soko, ofisi ya Busia, bati la shule. Hakuzituma, alijifunza.

Mtihani ulifanyika Novemba, katika shule moja ya sekondari Busia. Walikaa mbalimbali, msimamizi akapita na viatu vyake vinavyolia. Amoding alifungua karatasi, na palikuwa na swali la barua lenye maksi nyingi kuliko maswali yote: *Mwandikie ndugu au jamaa yako aliyeondoka zamani, umpe habari za nyumbani.*

Ukumbini kila mwanafunzi wa Bwana Wandera alishusha pumzi. Ungeweza kuzisikia kalamu zikianza pamoja. Amoding naye alijua kilichokuwa mezani. Akiandika barua ya dhahabu anapita, anarudi kwa watoto wake wa darasa la kwanza. Kazi, unga, jina la mwalimu, vyote vilikuwa ndani ya barua ile, na hata kama hakuwahi kuiimba, alikuwa ameijua kwa moyo kabla wenzake hawajasikia jina la Wandera. Akajikaza. *Naichukua nafasi hii ya dhahabu.* Mkono ulikubali. Chuma kikapita. Mkulima akapita. Akafika *Ninapoandika haya machozi*, na hapo kalamu ikagoma, si kwa mapenzi kama isemavyo barua, bali kwa hasira safi. Aliliona lile doa likiwaka juani.

Akapiga mstari mnene juu ya yote, akageuza ukurasa. Anwani mbili. "Dear Sir." Kuhusu.

Kwa Kiswahili ingesomeka hivi:

*Bwana,*

*KUHUSU: KUTOKUWEPO KWAKO*

*Unajulishwa kwamba uliondoka nyumbani mwaka 1972 na hujarudi.*

*Paa la nyumba yako linavuja upande wa mlango. Ng'ombe wako mwekundu alikufa. Binti yako, Aluka, anamwita baba kila dereva wa lori anayempungia mkono.*

*Barua zako zilipokelewa. Imeonekana kwamba hukuziandika wewe. Machozi yako yamechunguzwa na ni mafuta ya kupikia.*

*Unatakiwa ufike wewe mwenyewe kueleza.*

*Wako mwaminifu,*

*Amoding (Bi.)*

Kwenye "wako mwaminifu" alisimama kidogo. Bwana Wandera alisema ni maneno tu ya kufungia, hayana maana. Yeye alijua yana maana, maana alikuwa ameyatunza tangu 1972 na hakuna aliyempa cheti.

Nje, chini ya ukuta, Edris alikuwa anacheka peke yake kama aliyeokota pesa.

"Dada, barua imetoka! Ile ile! Mimi nimeandikia mjomba. Hata sina mjomba."

Amoding akamweleza alichoandika. Edris akashika kichwa.

"Umewaandikia barua ya ofisi pale walitaka ya kirafiki? Wewe umejichinja, dada. Kwa nini?"

"Kwa sababu si rafiki yangu."

Matokeo yalifika Januari. Edris alipita. Wote walioimeza dawa walipita. Amoding alipita kila somo isipokuwa Kiingereza, na bila Kiingereza cheti hakikuwapo. Siku hiyo hiyo darasa la kwanza lilipewa kijana aliyetoka chuoni na viatu vipya, na Mzee Omagor akasimama mlangoni akisubiri mkebe wa chaki.

"Ukileta cheti mwaka ujao, nitakuchukua," alisema. "Hiyo nakuahidi mimi, si ofisi."

Amoding akampa mkebe. Alimpa pia kijiti cha kuandikia mchangani, na yule kijana wa chuo alikitazama kama hajui ni cha nini. Amoding alirudi nyumbani akiwa na hasira ya watu wengi. Alimkasirikia aliyesahihisha mtihani, ambaye alisoma habari za kweli za nyumba ya kweli akaona makosa ya anwani. Aliikasirikia ofisi, na alimkasirikia Wandera na rula yake. Alijikasirikia mwenyewe pia, kwa kuwa angeweza kunyamaza na kuandika uongo mmoja mdogo ambao kila mtu mwingine ukumbini aliuandika bila kuumwa na kitu. Lakini hakutubu. Alikaa mezani, akainakili barua ile upya kwa mwandiko wa ubaoni, akatunga namba ya kumbukumbu yenye mikwaju miwili, akaandika anwani ya Jinja kutoka kwenye bahasha za Krismasi, akaipeleka posta ya Malaba kabla moyo haujapoa.

Jinja ya mwaka 1975 haikuwa mahali pa kupokea barua ya namna ile. Mtu aliyeitwa "Bwana" kwenye karatasi, akaambiwa afike mwenyewe kueleza, alikwenda kulala kwa jirani. Osukuku aliisoma mistari miwili ya kwanza, akaikunja, akatoka kwa mlango wa nyuma. Wanasema hakuimaliza mpaka alipokuwa upande wa Kenya, amekaa juu ya jiwe.

Ilikuwa Februari. Amoding alikuwa shambani akilima kabla ya mvua, jembe linaruka kwenye udongo mkavu, alipomwona mtu anakuja na mfuko mdogo, shati limemkaa kubwa. Alimjua kwa mwendo. Aliendelea kulima.

Osukuku akasimama pembeni ya shamba, akavua kofia, akaanza na salamu ya Kiteso, kama inavyotakiwa.

"Yoga, Amoding."

Jembe likashuka.

"Yoga noi. Watu wa hapa ni wazima? Mtoto ni mzima? Mvua inasema nini? Na ng'ombe..." Akakumbuka ng'ombe.

Mtu asiyeitikiwa salamu katika nchi ile husimama uchi. Osukuku alisimama hivyo muda mrefu, kofia mkononi.

"Nyabo," akasema mwishoni, akimwita mama kwa mdomo wa Jinja, "si uitike hata kidogo?"

"Mimi si nyabo wako. Barua yangu ilikuwa na salamu?"

"Haikuwa."

"Basi. Uliambiwa ufike ueleze. Eleza."

Akatoa barua mfukoni, imelowa jasho. "Mimi nilifikiri ni serikali. Kule watu wanabebwa, hawarudi. Nilikimbia kama mwizi."

Hapo Amoding alimtazama vizuri. Aliona mashavu yaliyoingia ndani, na huruma ikamjia ghafla, bila kuitwa. Akaisukuma.

"Ulikuwa unafanya nini huko?"

"Kazi iliisha zamani. Mwaka wa kwanza tu. Nilikuwa nalala kwa ghala, nabeba magunia."

"Kwa nini hukuandika hivyo?"

"Ningeandika namna gani? Mimi najua barua moja."

Sasa jembe likatupwa chini. "Hivyo hivyo!" akapiga kelele, na wanawake wa shamba la pili wakainuka. "Nalala kwa ghala, nabeba magunia! Hiyo ndiyo barua! Ungeandika kwa Kiteso, ungeandika kwa makaa kwa ukuta, ungetuma mtu akuje kusema kwa mdomo! Mimi nilikuwa nashika mafuta ya mandazi nikisema bwana yangu amelia!"

Machozi yalimtoka Osukuku, ya kweli safari hii, na kama kuna kitu kilichomchemsha Amoding zaidi ni hicho, kuja kulia sasa, pasipo karatasi. Aliliokota jembe, akaufuta mpini kwa gauni, akamtupia kifuani.

"Nimepoteza darasa langu kwa sababu yako. Mtihani ni Novemba. Mpaka hapo shamba ni lako, mtoto ni wako, paa ni lako, kupika ni kwako. Mimi naenda kusoma. Hii ndiyo nafasi yako ya dhahabu, Bwana Osukuku. Ichukue."

Aliichukua. Alilima vibaya, akaziba paa vizuri, na Aluka alikaa miezi kabla hajaamini kwamba yule mtu hakushuka kwenye lori. Amoding alirudi kwenye jengo la kanisa, akakaa karibu na dirisha. Bwana Wandera alimkaribisha kwa furaha bila neno la kumsuta. Novemba swali lilikuwa rafiki wa kalamu aliye ng'ambo, na hakuna mkulima wala mvua iliyomkwamisha. Aliandika barua ya dhahabu neno kwa neno, macho makavu, akamaliza kabla ya wote.

Januari alipata cheti, na Mzee Omagor akamrudishia mkebe wa chaki. Jioni ile Osukuku alikuwa jikoni anasonga ugali wa mtama. Aliuliza, bila kugeuka, kwa woga wa mtu aliye chini ya uangalizi.

"Safari hii uliandika barua gani?"

"Ile yako."

Mwiko ukasimama.

"Wamenipa maksi nzuri," Amoding alisema, akivua viatu. "Na wana haki. Ni barua nzuri sana, kama huna mtu wa kumwandikia."